Daftari Lililofungiwa ni Mali Iliyopotea

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo umewaongoza watunza fedha, makatibu wa vyama vya ushirika na walimu wakuu kwa miaka mingi, na hapana mtumishi wa umma asiyeujua. Lakini upo upotevu wa pili ambao usemi huo haukuutaja, nao ni upotevu wa daftari lenyewe. Daftari lililoandikwa kwa uangalifu, likapigwa muhuri, kisha likafungiwa kabatini na ufunguo ukabaki mfukoni mwa mtu mmoja, halimfai mwenye mali kuliko daftari ambalo halikuandikwa kamwe.

Kila siku ya kazi taifa huandika. Mwalimu wa darasa huita majina na kutia alama katika daftari la mahudhurio. Muuguzi wa zahanati huorodhesha watoto waliopimwa uzito. Bwana shamba huhesabu ekari zilizolimwa, na mtumishi wa kituo cha hali ya hewa husoma kipimo cha mvua saa tatu asubuhi. Karatasi hizo hupanda. Hutoka kijijini zikaenda katani, zikafika wilayani, zikaendelea mkoani na hatimaye wizarani. Kupanda hupanda; kushuka ni nadra. Mwalimu aliyehesabu madawati ya shule yake kwa miaka 10 mfululizo huenda asione hata mara moja jedwali linalomwonyesha hali ya shule jirani, ingawa jedwali hilo lilijengwa kwa jasho lake na la wenzake.

Swali linalozuka hapa ni moja: taarifa hizo ni mali ya nani? Jibu lake halina utata. Zimekusanywa na watumishi wanaolipwa kwa kodi za wananchi, na zinaeleza maisha ya wananchi haohao. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya raia kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa kuziomba. Lakini kuwa na haki ya kuomba ni jambo moja, na kuikuta taarifa mezani kabla ya kuiomba ni jambo jingine. Anayeomba lazima kwanza ajue kwamba taarifa ipo, ofisi gani inayo, na barua iandikwe kwa nani. Mkulima hajui hayo. Mara nyingi hata ofisa wa idara ya pili katika jengo hilohilo hayajui.

Maji ya Msimbazi

Faida ya kufungua taarifa huonekana vizuri zaidi mahali ambapo kukosekana kwake kumegharimu maisha. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, na mto Msimbazi ukafurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu walipoteza makazi, na baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Katika siku hizo kila aliyetaka kuokoa alihitaji majibu ya maswali mepesi kuyauliza: bonde lina nyumba ngapi, mfereji unapita wapi, gari linaweza kufika wapi, na maji yalifika wapi safari iliyopita. Ramani za kawaida hazikuweza kujibu. Mitaa ilikuwa imekua upesi kuliko miguu ya wapima ardhi. Mahali penye maelfu ya watu, karatasi ilionyesha nafasi nyeupe. Nalo jiji halikungoja. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja waliongezeka katika muda wa miaka 10.

Mwaka huohuo wa mafuriko, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wamekwisha kupita vichochoroni Tandale pamoja na wakazi, wakiandika visima, vyoo, njia na mitaro. Kazi hiyo ilipanuka mwaka 2015 kwa mpango uliopewa jina la Ramani Huria, ambao uliwakutanisha wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chama cha Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wananchi wa kata zenye kufurika. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wa busara. Wanafunzi walijua kutumia simu na kompyuta. Wakazi na viongozi wa mitaa walijua mahali. Mwanafunzi aliweza kupima upana wa kalvati, lakini ni mkazi wa siku nyingi aliyeweza kumwambia kwamba kalvati hilo huziba taka kila masika, na kwamba maji yakipanda hufika magotini kwenye nyumba hii na kifuani kwenye nyumba ile.

Baadaye wachoraji wa ramani walitia hata mipaka ya mashina, zile nyumba kumi ambazo mjumbe wake anajulikana na kila mtu mtaani lakini hazikuwa katika ramani yoyote. Elimu iliyokuwa vichwani mwa wajumbe kwa miongo mingi ikawa kitu kinachoweza kuonwa na mhandisi, na daktari, na mtu wa zimamoto.

Yafaa ikumbukwe kwamba uchunguzi wa mitaa maskini si jambo jipya. Wachunguzi wengi wamepita huko na fomu zao, wakaandika ripoti nzuri, na ripoti zikalala katika ofisi ya aliyezilipia. Tofauti ya kazi hii ni kwamba matokeo yake yaliwekwa moja kwa moja katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuichukua yote kama takwimu, kuisahihisha na kuitumia bila kulipa. Ramani hiyo ilianzishwa mwaka 2004 na Steve Coast, akiwa mwanafunzi mjini London, kwa sababu ramani za taifa lake zilitengenezwa na chombo cha umma kisha zikauzwa kwa umma. Mwaka 2010 Serikali ya Uingereza yenyewe ilianza kutoa bure sehemu ya ramani hizo. Na katika Januari ya mwaka huohuo, tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji wa Port-au-Prince nchini Haiti, watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali walichora mitaa ya mji huo kutoka katika picha za setilaiti kwa muda wa siku chache, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo kutafuta njia.

Zana za Kazi

Mtu anaweza kuuliza ni kwa vipi wanafunzi wasio na fedha waliweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji idara nzima. Jibu ni kwamba zana zao nazo zilikuwa huria. Simu zilitumia programu ya bure inayotunza majibu hata mahali pasipo na mtandao. Ramani zilipangwa kwa QGIS, programu iliyoanza mwaka 2002 na inayotolewa bure pamoja na msimbo wake. Na mtu akitaka kuiweka ramani ya aina hiyo katika tovuti, anaweza kuchukua Leaflet, programu ndogo iliyotangazwa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine. Kwa mistari michache tu ya maandishi, kijana wa mwaka wa kwanza aweza kuweka ramani ya kata yake katika ukurasa na kutia alama kwenye kila shule na kila zahanati.

Uhuru huo haukuja kwa bahati. Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza mwaka 1989 utaratibu wa kuunganisha maandishi yaliyo katika kompyuta mbalimbali. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba programu za utaratibu huo ni mali ya watu wote, bila malipo. Wakati huo ulikuwapo utaratibu mwingine wenye nguvu, uitwao Gopher, uliotoka Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani. Mapema mwaka huohuo chuo hicho kilisema kwamba baadhi ya watumiaji wangetozwa ada. Watu waliingiwa na shaka, wakahama. Leo wenye kuikumbuka Gopher ni wachache, na ule utaratibu uliotolewa bure ndio ambao dunia nzima huuita wavuti.

Isitoshe, wavuti ulizaliwa na tabia moja njema ambayo walimu wangeifurahia. Maandishi yanayounda ukurasa wake, yaani lugha ya HTML, hufika katika kompyuta ya msomaji yakiwa wazi. Msomaji akitaka, anaweza kuyafunua akaona jinsi ukurasa ulivyojengwa, kama fundi cherehani anavyolifumua vazi ili aone mshono. Watengenezaji wengi wa tovuti walijifunza kazi yao kwa njia hiyo, bila darasa na bila karo.

Kuonyesha na Kutoa

Hapa ndipo penye kosa kubwa la ofisi nyingi. Ofisi huambiwa iweke taarifa zake kwenye mtandao, nayo hutii. Karatasi iliyopigwa chapa kwa kompyuta huchapwa, hutiwa sahihi, hupigwa muhuri, kisha hupigwa picha na picha hiyo hupandishwa kwenye tovuti. Kazi imekwisha, na taarifa ya utekelezaji huandikwa. Kwa hakika kilichofanyika ni kuonyesha, si kutoa. Jicho la mtu linaona tarakimu, lakini kompyuta inaona picha tu. Ofisa elimu anayetaka kujumlisha wanafunzi wa shule 200 hulazimika kuzinakili tarakimu zote upya kwa mkono, na katika kunakili hukosea. Jambo la kusikitisha ni kwamba tarakimu hizo zilikuwa tayari katika jedwali la kompyuta kabla hazijageuzwa picha.

Mwaka 2010 Berners-Lee alipanga ngazi tano za kupimia kazi hii, akazipa alama za nyota. Nyota ya kwanza ni taarifa kuwapo mtandaoni, kwa namna yoyote, pamoja na ruhusa iliyo wazi ya kuitumia. Ya pili ni kuwa katika jedwali ambalo kompyuta inaweza kulisoma. Ya tatu ni jedwali hilo kuwa katika muundo usiomlazimisha mtu kununua programu ya kampuni fulani, kama ule wa CSV, ambao ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama za mkato. Ya nne ni kila kitu kupewa anwani yake ya kudumu, na ya tano ni taarifa hiyo kuunganishwa na taarifa za wengine. Ofisi ya wilaya haina haja ya kuota nyota ya tano. Ikifika ya tatu, itakuwa imewasaidia wananchi kuliko mikutano mingi.

Ruhusa nayo ni sehemu ya kutoa. Leseni ya OpenStreetMap, iliyoanza kutumika Septemba 2012, humruhusu mtu kuitumia takwimu hata katika biashara, mradi awataje walioichora, na akiiboresha hazina hiyo na kuitangaza, aitoe kwa uhuru uleule. Ni sheria ya kisima cha kijiji: kila mtu huchota, lakini hapana ruhusa ya kujenga ukuta ukakizunguka.

Hofu na Majibu Yake

Wapo watumishi waaminifu wanaoogopa jambo hili, na hofu zao zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Hofu ya kwanza ni kwamba taarifa zikiwa wazi zitapotoshwa. Ni kweli, zinaweza kupotoshwa. Lakini dawa ya tarakimu iliyopotoshwa ni tarakimu kamili iliyo karibu na kila mtu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa, ikawa ni kosa kutangaza takwimu zenye nia ya kukanusha zile rasmi. Mwaka 2019 ilirekebishwa tena, na adhabu hiyo ikaondolewa. Funzo lake ni jema: takwimu rasmi hupata heshima kwa kuweza kukaguliwa, na haiwezi kupata heshima ya kudumu kwa kulindwa na hakimu. Mwalimu wa hesabu analijua hilo, kwa kuwa humtaka mwanafunzi aonyeshe njia, asiandike jibu peke yake.

Hofu ya pili ni ya siri za watu, nayo ni ya haki kabisa. Idadi ya wagonjwa wa malaria katika kata ni mali ya umma. Jina la mgonjwa si mali ya umma. Wastani wa alama za shule ni jambo la wazazi wote. Historia ya mtoto mmoja ni ya mtoto na wazazi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetenganisha mambo hayo. Ofisa anayetoa jedwali hana budi kuondoa majina, namba za simu na kila alama inayomtambulisha mtu, na awe mwangalifu hasa katika kijiji kidogo ambako hata pasipo jina mtu hujulikana. Lakini ulinzi wa mgonjwa usigeuzwe kuwa kisingizio cha kuficha idadi ya dawa zilizopokewa.

Hofu ya tatu ni ya aibu: makosa ya ofisi yataonekana. Yataonekana, na yatasahihishwa. Shule iliyoandikwa katika kata isiyo yake itagunduliwa siku ya kwanza na mzazi anayeishi hapo, ambapo ndani ya kabati ingebaki hivyo hadi mkaguzi mwingine aje.

Hofu ya nne ni nzito kuliko zote. Inasemekana kwamba tukiwa na milango wazi, makampuni makubwa ya nje yatazichukua takwimu hizi, yazitie katika bidhaa zao na kutuuzia. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani nchi zilizouza pamba mbichi zinaijua bei ya kanga. Makampuni makubwa, Meta na Microsoft yakiwamo, kweli hutumia takwimu za OpenStreetMap katika kazi zao. Lakini kufunga mlango hakumzuii mwenye setilaiti. Humzuia mwalimu wa Kigoma na fundi wa Mbagala. Tiba ya kuuza pamba mbichi haikuwa kuacha kulima pamba. Ilikuwa kujua kusokota na kufuma. Na ushahidi kwamba Afrika Mashariki inaweza kufuma upo, tena kwa jina lenyewe: programu ya Ushahidi ilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, ili wananchi watume habari za matukio na kuzitia katika ramani. Ilitolewa pamoja na msimbo wake, na miaka miwili baadaye ilitumika Haiti.

Kenya hiyohiyo inatoa onyo pia. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria za Serikali, jambo lililosifiwa duniani. Lakini baada ya sherehe, takwimu mpya hazikumiminika kama ilivyotarajiwa. Tanzania nayo ilijiunga mwaka 2011 na mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa Serikali kwa uwazi, kisha ikajitoa mwaka 2017. Tovuti hujengwa kwa mwezi mmoja, lakini tabia ya kuilisha tovuti hiyo hujengwa na watumishi, kila mwezi, bila ngoma wala utepe wa kukata.

Wajibu wa Kila Ofisi

Hayo yote hayangoji bajeti mpya. Ofisa anayeandaa jedwali leo anaweza kulitoa likiwa jedwali, na nakala yenye muhuri ikafuata kwa wanaoihitaji. Anaweza kuandika juu yake tarehe, mahali, jinsi hesabu ilivyofanyika na maana ya kila safu, ili anayelisoma baada ya miaka mitano asilazimike kubahatisha. Anaweza kuandika majina ya kata kwa tahajia moja kila mwaka, kwa sababu kompyuta haijui kwamba tahajia mbili ni kata moja. Na anaweza kueleza waziwazi kwamba ruhusa ya kulitumia imetolewa, na ni ofisi gani ya kuandikiwa likionekana kosa.

Mwalimu naye anayo nafasi kubwa zaidi. Ukurasa wa HTML huandikwa kwa programu yoyote ya maandishi matupu, na husomeka katika kompyuta moja isiyo na mtandao wowote. Kwa hiyo hata shule yenye kompyuta moja inaweza kuwafundisha wanafunzi wake kuandika kurasa: wapime mvua ya uwanja wao wa shule, wahesabu miti yake, wachore njia wanazopitia kuja darasani, kisha wayapange hayo katika jedwali na ukurasa. Watajifunza hesabu, jiografia na uraia kwa pamoja. Muhimu zaidi, watakua wakijua kwamba taarifa ya nchi yao huandikwa na watu kama wao, na kwamba wanayo ruhusa ya kuisoma na kuisahihisha.

Mvua za masika hurudi kila mwaka, nazo hazisomi barua za ofisi. Siku maji yatakapopanda tena bondeni, atakayekuwa na haja ya kujua njia ya kukimbilia hatakuwa na muda wa kuandika ombi, kulipitisha kwa mkuu wa idara na kungoja jibu. Itafaa akute kwamba yule aliyepewa daftari la umma alitambua mapema kuwa yeye ni mtunzaji wake, na wala si mwenyewe.